Kanda za Salamu kutoka Jericho

Vijana wa idara yangu wameniomba niwaandikie maneno machache kabla sijastaafu na kukabidhi ufunguo wa kabati. Niliwaambia kabati lenyewe lina maneno mengi kunishinda, maana limejaa kanda za kaseti, na katika jengo zima hakuna tena mashine ya kuzichezea. Hawakukubali. Nami ni mwalimu, na mwalimu hajui kumfukuza mtu anayetaka kujua. Basi mambo ya vyeo nitayaruka, kwa kuwa yamo kwenye faili na faili halisahau. Nitawasimulia nilivyosomea isimu tumizi kwa shahada ya uzamili, mwanzoni mwa miaka ya tisini, kwa sababu kazi yangu yote iliyofuata ilitoka huko.

Nilikuwa nafundisha shule ya msingi huku Eastlands, mashariki mwa jiji, na nikiishi Jericho, katika nyumba ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, yenye chumba cha kulala, sebule ya kupokea wageni wembamba, na ua tuliotumia pamoja na majirani. Watoto wa darasa langu walinitatiza. Wakati wa mapumziko waliongea bila kupumua. Kengele ikilia, wakikaa kwenye madawati, mdomo unafungwa. Walimu wenzangu walisema watoto hawa hawana lugha. Mimi nilikuwa nimewasikia uwanjani, na nilijua wanayo, ila sikujua wanaiacha wapi wakiingia mlangoni.

Siku ya kwanza chuo kikuu, mhadhiri wetu, ambaye ndiye aliyekuja kuwa msimamizi wangu, alituuliza kila mmoja amekuja na tatizo gani. Wenzangu walitaja nadharia, na baadhi yazo nilizisikia kwa mara ya kwanza siku hiyo. Mimi nikamweleza habari ya kengele. Alikuwa mtu mrefu wa maneno machache, tukimwita Daktari tu, kana kwamba hakukuwa na mwingine. Aliniambia jambo ambalo nimelirudia kwa wanafunzi wangu hadi wakanichoka.

"Usiniletee watu wanavyosema kwamba wanaongea," alisema. "Niletee wanavyoongea. Nenda majumbani mwao."

Likawa ndilo sharti. Tasnifu yangu ingesimama juu ya mazungumzo ya kweli ya nyumbani, yaliyonaswa kwenye kanda, la sivyo isingesimama. Likizo yangu ya masomo ilikuwa na mwisho wake, na mwalimu mkuu wangu alikuwa amenipa ruhusa kwa shingo upande. Nikirudi mikono mitupu, nafasi ile isingekuja tena kwa mwalimu mwanamke wa shule ya msingi, na mimi nilijua hivyo vizuri.

Idara ilinikopesha kinasa sauti kizito, ndani ya mfuko wa ngozi wenye mkanda wa begani. Nyinyi mnaonasa sauti kwa simu hamtaamini tulivyokilea kile chuma. Betri zikichoka tulizianika juani juu ya dirisha, zikapata nguvu ya kumalizia upande mmoja wa kanda. Utepe ukilegea uliukaza kwa penseli. Maikrofoni niliifunga leso ili isimeze upepo, na kabla ya kuanza nilimwomba jirani apunguze redio, akapunguza kidogo sana, kama jirani. Ukimaliza kanda, unavunja vile vijino vya plastiki vya juu ili mtu asije akanasa nyimbo juu ya kazi yako. Nimewahi kuona mwenzangu analia kwa ajili ya kutovunja vijino.

Mlango wa kwanza niliobisha ulikuwa wa jirani yangu, Mama Nekesa. Alikuwa akiuza mboga za kienyeji katika soko la Jericho, mrenda na saga na kunde, na hakuna mtu mtaani ambaye hakumjua. Mumewe, Mzee Wafula, alifanya kazi katika karakana ya reli. Walikuwa Wabukusu, watu wa kanisa, na binti yao Nekesa alikuwa sekondari. Niliwaeleza yote: nasoma, nataka kunasa wanavyoongea nyumbani, majina yao hayatatajwa, na wakikataa hakuna ubaya. Miaka ile watu walichunga ndimi zao, na mtu mwenye mashine ya sauti angeweza kudhaniwa mengi. Mama Nekesa alinisikiliza hadi mwisho, akamtazama mumewe, kisha akaniambia nije Jumapili baada ya ibada.

Nilipofika Jumapili hiyo, sebule ilikuwa imejaa. Walikuwepo jamaa zao kutoka Dandora, waliokuja na suti na viatu vya kung'aa. Vitambaa vya viti vilikuwa vimefuliwa na kupigwa pasi. Nilipobonyeza kitufe, Mzee Wafula alisimama, akafunga kifungo cha koti na kukohoa kidogo. Akatangaza kwa Kiswahili cha mimbarini kwamba wao, watu wa Jericho pamoja na wale wa Dandora, ni wazima kwa neema ya Mungu, na wanatumaini walioko huko ni wazima pia. Uliimbwa wimbo mmoja wa kanisa. Kisha kila mtu, kuanzia mkubwa, aliisogelea maikrofoni na kuongea kama anayesoma tangazo. Nekesa peke yake alikataa, akaenda kusimama jikoni.

Nilidhani ni haya ya siku ya kwanza. Nikarudi. Nikaenda na Dandora, kwa jamaa zao, ambako moshi wa jalala ulikuwa ukiingia ndani hata madirisha yakifungwa, na huko nikakuta watu wamepanga foleni uani wakiningoja. Kila nyumba ilikuwa ile ile: koti, kikohozi, wimbo, sisi ni wazima. Nilijaza kanda baada ya kanda. Hakuna hata mmoja aliyemwambia mwenzake apishe au alete chumvi.

Daktari alivaa vile visikizio vyake vikubwa, akasikiliza kwa subira kuliko nilivyostahili. Kisha akavivua na kuviweka mezani.

"Mwalimu," alisema, "hizi ni salamu."

Hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Aliniambia nina hadi mwisho wa muhula wa pili kumletea mazungumzo, na kama sina, ni heri nirudi darasani kwangu kwa heshima.

Mwanafunzi mwenzangu, Mutua, alinipa dawa. Alisema kosa langu ni kuionyesha mashine. Tia kwenye kiondo, funika na sukuma wiki, piga hodi, kaa, ongea, basi. Wako waliofanya hivyo siku zile na wakapata alama nzuri, na Mutua hakuwa mtu mbaya, alikuwa akinihurumia tu. Jioni ile nilichukua kiondo changu, nikaitia mashine ndani, nikatandaza majani ya sukuma juu. Ilienea vizuri sana. Huwezi kujua kama kuna kitu. Ndipo nikaona aibu, kwa sababu nilimwona Mama Nekesa akinikaribisha chai huku kiondo changu kikimsikiliza. Niliitoa mashine, na sukuma nikaipika.

Asubuhi nilikwenda sokoni kumwambia kwamba kazi imeshindikana na kumshukuru. Alikuwa akifunga mafungu ya kunde. Kabla sijafungua kinywa aliniuliza swali.

"Mwalimu, na huko nyumbani wamesemaje?"

Kwa kuuona uso wangu, akaanza kunieleza kama anayemweleza mtoto. Mimi ni Mtaita. Kwetu salamu zilipelekwa kwa mdomo wa msafiri. Lakini kwao, na kwa majirani wengi waliotoka magharibi, mtu mwenye redio ya kunasa akija nyumbani kwako, kazi yake ilijulikana. Mnakusanyika, mnavaa vizuri, mnazungumza na wale wa nyumbani, kisha kanda inasafiri na mtu anayekwenda. Huko nako wanaisikiliza kwa pamoja, wanajibu, inarudi. Wahenga walisema barua ni nusu ya kuonana, na kanda kwao ilikuwa imeizidi barua. Habari zangu za shahada walizisikia na kuzikubali. Walidhani ndiyo njia yangu ya heshima ya kuanza mazungumzo.

Wakati ule ningeweza kumfafanulia tena habari za utafiti. Lakini nilimtazama yule mama na mafungu yake ya kunde, nikafikiria watu wa Dandora waliopanga foleni na viatu vya kung'aa, na sauti zao zote zimelala ndani ya mfuko wangu. Nikamwambia kwamba zitakwenda. Pasaka ilikuwa karibu. Mama Nekesa akanipa jina la soko la kushukia na jina la mkwe wake, akasema nikifika huko nimuulize mtu yeyote.

Nilikwenda na kanda zote, mkate na sukari. Mama mzazi wa Mzee Wafula, ambaye wote walimwita Kukhu, yaani nyanya, alinipokea kama mtu aliyechelewa. Boma likajaa. Tulisikiliza mchana mzima, na betri nilizianika kwenye paa la jiko. Watu walicheka, walilia, waliomba nirudishe kanda pale Mzee Wafula aliposema ameacha kukohoa. Zilipokwisha, Kukhu aliuliza mbona Nekesa hayumo. Nilimweleza kwa upole kwamba binti ana haya, maana Kibukusu chake ni kidogo. Kukhu alisogea, akaishika maikrofoni kwa mikono miwili, akatoa majibu yake na kila mtu akatoa yake, nami nikavunja vijino vya ile kanda ya majibu palepale.

Sasa, wapendwa, sikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo nilipojifunza kazi. Niliporudi Jericho, sebule ilijaa tena. Nilikuwa nimeomba mashine ya pili kwa Mutua, ambaye hakuninyima ingawa alinicheka. Niliwaambia waziwazi: hii itacheza majibu ya nyumbani, na hii nyingine itanasa mnavyoyapokea, kwa masomo yangu yale yale, na mkipenda pia kwa Kukhu. Nikamwonyesha kila mmoja kitufe chekundu. Mzee Wafula akasema iwashwe, maana hata wa nyumbani hupenda kusikia watu wakicheka. Safari hii hakuvaa koti.

Sauti ya kwanza ilipotoka tu, wakaisahau mashine ya pili. Shemeji mmoja kwenye kanda alidai kwamba ng'ombe aliuzwa kwa ruhusa ya wote, na Mama Nekesa akaanza kubishana naye kana kwamba yuko dirishani. Jamaa wa Dandora akamtania kwa Kiswahili, akajibiwa kwa Kibukusu, akarudisha kwa lugha zote mbili. Watoto walikuwa sakafuni wakijadiliana kwa Sheng yao ya mtaani kama yule anayeongea ni yule mjomba mwenye kitambi au ni yule mwingine. Mtu aliombwa apishe. Mtu aliombwa alete chumvi. Nilikaa kwenye kona yangu, nikisikia kila kitu Daktari alichonituma, na nikiomba betri zisinitupe.

Kisha ikaja sauti ya Kukhu. Aliwasalimu wote kwa majina, kwa Kibukusu. Halafu akabadilisha, akachukua Kiswahili chake cha kuokoteza, cha mtu aliyekizoea sokoni.

"Nekesa," alisema, "tangu jogoo wangu akufukuze ukaingia chini ya kitanda, mimi sijasikia sauti yako. Ongea yoyote. Mimi nitatafuta mtu wa kunieleza."

Nekesa alikuwa mlangoni mwa jikoni, mwiko mkononi. Mama yake alinitazama mimi, baba yake alitazama sakafu. Binti yule akaja polepole, akapiga magoti mbele ya mashine. Wala hakuikosea, ilikuwa ile inayonasa.

"Shosh, niaje," alisema. "Ni mimi Nekesa. Manze, hii Kibukusu yako mi huisikia yote, ni kuongea tu ndio inanilemea. Nilikuwa naogopa utanicheka. Uko poa lakini? Na huyo jogoo, bado ako? Nikikuja ushago Disemba utanifunza, sindio?"

Mama Nekesa alinyoosha mkono kumzuia. Nyumbani hakusalimiwi hivyo, na tena mkwe. Mzee Wafula akauinua wake.

"Mwache," alisema. "Anaongea na mamangu."

Nilitokwa na machozi, na sioni haya kuwaambia. Nilikuwa na furaha ya kazi, na nilikuwa na furaha ya yule mtoto, na hadi leo siwezi kuzitenganisha.

Yaliyofuata ni jasho, na jasho halina hadithi ndefu. Kunukuu mazungumzo ya watu wanaoongea kwa pamoja ni kurudisha utepe nyuma hadi kidole kiote sugu. Ukitaka cha mvunguni, sharti uiname. Nilimlipa mpiga chapa mmoja wa mjini anichapie, mama mwadilifu sana, ambaye alinihurumia akanisahihishia Sheng yote ikawa Kiswahili sanifu. Ilibidi nimshukuru, kisha nimwombe ayarudishe makosa yote mahali pake. Hakuelewa, na nadhani aliniombea.

Daktari aliposikiliza kanda mpya, hakuvua visikizio hadi upande ulipokwisha. Alipofika kwenye jogoo alicheka peke yake, nikajua niko salama. Alisema sasa nimeanza. Nami nikamwambia kwamba zile salamu sitazitupa. Nitaziweka kando ya majibu, watu wale wale, sebule ile ile, nionyeshe jinsi mtu anavyochagua lugha kwa kumfikiria yule atakayeisikia. Ndivyo watoto wangu wa darasani walivyofanya. Lugha walikuwa nayo. Waliyemkosa ni mtu wa kuwaambia waongee yoyote, kwamba atatafuta wa kumweleza.

Siku ya utetezi, mtahini wa kutoka nje aliifungua tasnifu yangu kwa ncha ya kidole. Alisema swali lake ni moja tu: watu hawa walijua mashine inanasa, basi nitayaitaje mazungumzo haya ya kweli. Nilikuwa nimejiandaa kwa nadharia tele. Zote zikanitoka.

"Walijua," nilimjibu. "Walikuwa na mtu wa kumwambia, ndiyo maana waliongea."

Daktari alikuwa akiangalia dari, lakini niliuona mdomo wake ukitabasamu. Nilitoka nje nikangoja kwenye benchi, kisha nikaitwa ndani, nikapewa mkono.

Tasnifu ilipotoka kufungwa jalada, nyeusi yenye maandishi ya dhahabu, niliipeleka Jericho kabla hata ya kuipeleka maktaba. Mama Nekesa alinawa mikono, akaipangusa meza, akaifungua katikati. Aliuliza kama na wao wamo. Nikamwonyesha. Nilivyoahidi, majina sikuyataja: Mzee Wafula alikuwa Mzungumzaji wa Kwanza na yeye wa Pili. Akataka kujua ni nani aliyeamua mzee awe wa kwanza, wakati mwenye maneno mengi nyumbani ni yeye. Hadi leo sina jibu la kitaalamu la swali hilo.

Mzee Wafula akatuma watu waitwe. Walikuja hata wa Dandora. Akaniambia nilete mashine, kwa kuwa wa nyumbani lazima wajulishwe, na safari hii atakayeongea ni mimi. Nikaisogelea maikrofoni ile ile niliyowashikia wengine miezi yote. Nikasimama. Nikavuta blauzi yangu ikae sawa, nikakohoa kidogo, nikaanza kwa Kiswahili changu cha chuo kutoa shukrani za dhati kwa ushirikiano wao wa thamani.

Nyuma yangu nilisikia watoto wakicheka. Nekesa akaja akanigusa bega.

"Mwalimu," alisema, "ongea tu vile unaongeanga."

Nikaketi sakafuni pamoja nao.

"Mulembe, Kukhu," nikasema. "Ni mimi, yule wa kanda. Salamu zenu zimefaulu."

Kisha wote wakaanza kuongea kwa pamoja, na hakuna aliyekumbuka kuizima mashine.